Mgombea wa Birika

Jokhan Prasad alikutwa amekaa. Mgongo kauegemeza ukuta wa ghala la mbegu, miguu kainyoosha, na kando yake birika lake la alumini, chai bado imo. Mpita njia wa mbali angesema mzee kapumzika. Aliyesogea karibu aliuona ulimi.

Wa kwanza kusogea alikuwa mwanamke aliyetoka kuokota samadi ya nyati wa kufugwa. Hakupiga kelele. Alitua kapu lake, akaenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi cha Barhauli, akamwambia hawaldari wa zamu, "Mgombea wenu mmoja amekufa."

"Yupi?"

"Wa birika."

Hawaldari Ramfer aliweka kikombe chini, akatamka neno ambalo lilizunguka soko zima kabla maduka hayajafunguliwa: "Basi na uchaguzi umekufa."

Ilikuwa Jumanne. Kura ya Bunge la Jimbo ilikuwa Alhamisi. Na kwetu Barhauli hata mtoto anayenyonya anajua kwamba mgombea akifa, kura inaahirishwa. Tumeyaona kwa macho yetu. Wakati ule mgombea mmoja alipoumwa na nyoka akafa, tulikaa miezi miwili bila kupiga kura, na waliokuwa wakishindwa wakapata muda wa kujipanga upya na kushinda. Kufa kufaana, wahenga hawakukosea.

Mkaguzi Kamlakar Pathak alifika ghalani kwa baiskeli, maana gari la kituo lilikuwa limechukuliwa kubeba masanduku ya kura. Pathak alikuwa mtu wa tumbo bovu na ulimi mkavu. Wakubwa hawakumpenda kwa sababu moja tu: akishajibiwa swali la kwanza, huuliza la pili.

Alichuchumaa mbele ya maiti. Shingoni palikuwa na alama pana, nyekundu, iliyozunguka hadi kisogoni. Hapakuwa na dalili ya purukushani. Mchangani vilikuwepo vikombe viwili vya udongo, vyote viwili vimenywewa.

"Alikuwa na mgeni," Pathak alisema.

"Jokhan kila mtu ni mgeni wake," Ramfer alijibu. "Ndiyo kampeni yenyewe, afande. Unakunywa chai yake, unampigia mwingine."

Hakutia chumvi. Jokhan aligombea kila uchaguzi, bila chama, bila gari, akitembea na birika lililo alama yake kwenye karatasi ya kura. Aliomba kitu kimoja: daraja juu ya mto wetu, kwa sababu mkewe alifia ng'ambo ya pili akiwa na uchungu wa uzazi, mashua haipo. Kila mara alipoteza dhamana yake ya fedha, maana kura hazikutosha kuirudisha. Kura zake za mwisho zisingejaza basi. Sisi tulimwita Waziri Mkuu, naye aliitika.

Mtu mmoja alikuwa amepiga magoti miguuni pa maiti, analia kwa kwikwi. Huyo ni Bhagelu Sahu, mwenye duka la kukodisha mahema na viti. Alikuwa rafiki wa Jokhan tangu wanachunga mbuzi, na ndiye aliyemdhamini kila alipojiandikisha kugombea.

"Pole, Bhagelu," Pathak alimwambia. "Nani alikuwa na ugomvi naye?"

"Nani agombane na Jokhan, bwana mkaguzi? Ukimtukana anakumiminia chai."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni. Alikuwa anakohoa. Nikamwambia kalale." Bhagelu alijifuta pua kwa shuka lake la begani. "Mniachie mimi mazishi. Hana mtu wa maana. Kuni nitatoa mimi."

Watu waliosimama pale walitikisa vichwa. Bhagelu alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Mwanawe wa pekee, Pramod, alikuwa gerezani mwaka wa nne, amefungwa maisha kwa kumuua mtu kwenye fujo za arusi. Sasa na rafiki kaondoka.

*

Pathak aliporudi kituoni alimkuta Mrakibu Mishra amekalia kiti chake. Mishra aliwahi kuwa mkuu wa kituo hiki hiki, kabla hajapandishwa cheo. Alikuwa na sifa ya kumaliza kesi kabla jua halijazama.

"Nimeshakusaidia," Mishra alisema. "Mpwa wake yuko mahabusu. Sukkhu. Jirani kasikia juzi akimwambia marehemu, utakufa."

"Ana kamba?"

"Kamba gani?"

"Marehemu kanyongwa kwa kamba, afande."

"Kamba zipo kila nyumba. Nisikilize, Pathak. Watu wa chama cha Kinu wanasema Shahi, mbunge wa Ngoma, ndiye kaua. Watu wa Ngoma wanasema ni uzushi wa Kinu. Kesho saa sita polisi wote wanakwenda kulinda vituo vya kura. Kabla ya hapo nataka jina kwenye faili. Kama huna lingine, Sukkhu anakwenda mahakamani."

"Na kama hakuua?"

"Atamwambia hakimu."

Pathak alijua maana yake. Mtu maskini akishaandikiwa kesi ya mauaji kwetu, hakimu anamwona baada ya miaka, na mwanawe anajifunza kutembea hayupo. Aliteremka mahabusu.

Sukkhu alikuwa kijana mwembamba, jicho moja limevimba. Tayari walikuwa wamemsaidia kukumbuka.

"Ulimtishia mjomba wako?"

"Nilimwambia atakufa na njaa, yeye na birika lake."

"Lini?"

"Kila siku."

"Kwa nini?"

"Aliuza mbuzi wetu wa maziwa alipe dhamana ya uchaguzi. Nina mtoto mchanga, mkaguzi. Daraja mtoto halinyonyi."

"Ulimuua?"

"Nimuue mjomba, halafu nikirudi nimelewa nani anifungulie mlango?" Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio. "Wameshaniambia nisaini. Nisaini nini? Sijui hata kusoma."

"Usisaini kitu," Pathak alisema. "Hata wakikupiga. Unanisikia? Mpaka kesho saa sita."

*

Daktari wa hospitali ya tarafa alifanya uchunguzi wa maiti akiwa amevaa kandambili.

"Amenyongwa kutoka nyuma," alisema. "Kamba nene, ya pamba. Ona." Kwenye kipande cha kioo alikuwa ameweka nyuzi alizotoa kwenye ngozi ya shingo: nyekundu na nyeupe. "Na muuaji wako angevumilia kidogo asingehitaji kamba. Mapafu yamekwisha. Huyu mzee asingeiona sikukuu ya Holi."

"Yeye alijua?"

"Nilimwambia mwenyewe. Akaniuliza kama nimeshajiandikisha kupiga kura."

Nyekundu na nyeupe zilikuwa rangi za chama cha Ngoma. Bendera zao zilijaa kila nguzo. Na mgombea wa Ngoma, Rudranarayan Shahi, aliyekuwa anakitetea kiti chake, kila mtu alisema safari hii anaanguka. Wakulima wa miwa walikuwa wamemhama wote, wamekwenda Kinu.

Nani basi aliyehitaji kura isogezwe mbele? Swali hilo halihitaji elimu kulijibu.

Pathak alimkuta Shahi barazani kwake, akipakwa mafuta mabegani na mtumishi. Ua lilijaa vijana wenye bunduki wanaojifanya walinzi wa bustani.

"Umekuja kunikamata, bwana Pathak?"

"Nimekuja kuuliza, mheshimiwa."

"Uliza. Tangu asubuhi naambiwa nimeua watu nisiowajua."

"Watu wanasema unashindwa."

"Watu wangu mwenyewe wanasema hivyo. Nawalipa waniambie vingine, hawataki."

"Kura ikiahirishwa unapata nafasi."

Shahi alimsukuma mtumishi, akakaa vizuri. "Ikiahirishwa. Nani kakwambia itaahirishwa?"

"Sheria."

"Ya lini? Mwaka juzi Delhi wameibadilisha. Wenye akili kama yako walikuwa wameanza kuwachinja wagombea binafsi kama kuku, kila anayeona anashindwa anatafuta wake. Sasa akifa mgombea wa chama kinachotambuliwa, sawa, kura inasimama. Akifa mgombea binafsi, anakufa peke yake. Karatasi zinabaki zilezile, na Jokhan wako humo ndani na birika lake." Alicheka. "Mimi ni mwanasheria, Pathak. Ningetaka kuahirisha, ningemuua wa Kinu. Au ningejinyonga."

Pathak mwenyewe hakuwa na habari ya sheria hiyo. Alipotoka aliishika kamba ya bendera getini: uzi mwembamba wa nailoni, haungemnyonga hata bata.

Kituoni alimpigia simu msimamizi wa uchaguzi. Jibu likawa lilelile: kura ipo Alhamisi, na tangazo litapitishwa mitaani jioni.

"Basi si Shahi," Ramfer alisema, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakuna askari wa Barhauli aliyetaka kumtia Shahi pingu.

"Si Shahi. Ni mtu aliyetaka kura isogee, na hajui kwamba sheria imebadilika."

"Afande, hilo ni soko zima. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

"Hata mimi. Lakini si soko zima lenye haja. Nani kafaidika leo?"

Ramfer alikuna kidevu. "Labda Phulmati, yule mjane wa karibu na kisima. Huyo leo anachekacheka peke yake."

"Kwa nini?"

"Binti yake anaolewa Alhamisi. Wiki nzima kalia hana hema, mahema yote yamekodiwa na vyama kwa ajili ya siku ya kura. Leo kayapata. Mke wangu kaenda kumsaidia kukata vitunguu."

Pathak alikuwa ameshachukua baiskeli.

*

Uani kwa Phulmati wanaume wanne walikuwa wanainua nguzo. Hema la njano lilipanda, likaanguka, likapanda tena, na wanawake wakawacheka. Hema lilifungwa kwa kamba nene za pamba, zilizosokotwa nyekundu na nyeupe.

Pathak aliipima moja unene kwa vidole.

"Karibu, baba," Phulmati alisema, mikono inanuka vitunguu. "Ule kitu."

"Mama, mahema haya umeyapata lini?"

"Leo. Bhagelu kayaleta mwenyewe na mkokoteni. Mimi nilikuwa nakamua nyati, nikashtuka, nani huyu alfajiri yote. Akaniambia, chukua Phulmati, muoze mwanao, Alhamisi hakuna kura. Nikamshika miguu."

"Alikuwaje?"

"Macho mekundu. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema hakulala."

"Yule mama wa samadi hupita hapa?"

"Kila siku. Leo kapita, kanikuta tumeshashusha mpaka viti, akanitania eti nimeolewa mimi."

"Alipopita alikuwa anakwenda ghalani, au anatoka?"

"Anakwenda. Kapu lilikuwa tupu."

Basi Bhagelu alikuwa amekwisha kusema hakuna kura kabla mtu yeyote hajaiona maiti. Pathak aliomba kisu, akakata kipande cha kamba iliyokuwa imebaki chini.

"Kuna ubaya, baba?" Sauti ya mjane ilibadilika. "Watayachukua?"

"Hapana. Endelea na arusi yako."

*

Bhagelu alikaa kitini kwa adabu, mikono magotini. Alikuwa ametoka kununua sanda, na alikuja nayo kituoni, imefungwa kwenye gazeti.

"Mahema kwa Phulmati ulipeleka lini?"

"Leo."

"Kabla ya kusikia rafiki yako kafa, au baada?"

"Baada."

"Nani alikwambia?"

"Sokoni."

"Soko limesikia kwa mama wa samadi. Mama wa samadi alipita kwa Phulmati akakuta mahema yako yameshafika. Alikuwa bado hajafika ghalani."

"Wanawake hao hawajui saa, bwana mkaguzi."

"Nyati anajua. Anakamuliwa alfajiri."

Pathak aliweka mezani vitu viwili: kipande cha kioo cha daktari, na kipande cha kamba.

"Nyuzi hizi zimetoka shingoni mwa Jokhan. Hii imetoka kwenye hema lako."

"Kamba zangu ziko mji mzima. Ngoma wanazo. Kinu wanazo. Mtu akiokota—"

"Vikombe vilikuwa viwili. Nani alikunywa naye?"

"Sijui."

"Mlikuwa mnakunywa naye kila asubuhi."

"Leo sikwenda."

"Kwa sababu hukulala?"

Nje, riksho yenye kipaza sauti ilikuwa inakuja taratibu kutoka upande wa soko. Mwanzoni sauti haikushikika. Halafu ikashikika.

"Wananchi wa Barhauli mnatangaziwa. Kura ya Bunge la Jimbo itapigwa Alhamisi kama ilivyopangwa. Kifo cha mgombea binafsi hakiathiri uchaguzi. Narudia. Kifo cha mgombea binafsi hakiathiri uchaguzi."

Bhagelu aligeuza shingo dirishani. "Anasema nini huyo?"

"Umemsikia."

"Kalewa. Mgombea amekufa."

"Ndiyo."

"Basi kura haipo."

"Ipo. Sheria imebadilika mwaka juzi."

"Kabadilisha nani?"

"Delhi."

"Mbona hawakutuambia?"

Riksho ilipita, ikarudia tangazo mbele ya zahanati, ikapotelea kwenye kelele za barabara kuu. Bhagelu alichukua sanda yake juu ya meza, akaipakata.

"Kwa nini, Bhagelu?"

"Unajua kwa nini. Nina kitu kingine gani duniani?"

"Pramod."

"Shahi aliniambia faili lake la msamaha liko Lucknow, mezani kwa waziri, limebaki kusainiwa. Mwezi mmoja tu, Bhagelu, aliniambia. Kisha nasikia Shahi anaanguka Alhamisi. Akianguka yeye, faili linaanguka. Nilihitaji mwezi mmoja. Sikutaka kingine."

"Na Jokhan?"

"Wagombea walikuwa tisa. Yupi mwingine angenipa mgongo?"

Ramfer, aliyekuwa anaandika maelezo, alisimamisha kalamu.

"Andika," Pathak alimwambia. Kisha kwa Bhagelu, "Ilikuwaje?"

"Nilimwambia tunywe chai kabla hajaanza mizunguko yake. Akafurahi. Alinimiminia mimi kwanza. Akaniambia, mwaka huu naona dalili, Bhagelu, watu hawanicheki kama zamani. Nikasema naenda kukojoa. Nikazunguka nyuma." Alilainisha gazeti lililofunga sanda. "Alikuwa anakohoa damu, bwana mkaguzi. Nilijiambia namwahisha tu. Hakupigana. Nadhani alifikiri ni kikohozi."

"Na mahema?"

"Nilitembea nikafika dukani, nikayaona yamekaa bure. Phulmati alikuwa ananililia kila siku. Nikasema, angalau mtu mmoja afurahi na hili."

Kutoka chini, mahabusu, sauti ya Sukkhu ilisikika ikiomba maji. Wote watatu waliisikia.

"Ulijua huyo yuko ndani?" Pathak aliuliza.

"Nilijua tangu adhuhuri."

"Ukanyamaza."

"Nilijiambia watamwachia, hana kosa." Bhagelu aliinamisha kichwa juu ya ile sanda. "Halafu nikakumbuka Pramod naye hakuwa na kosa. Siku ile ya fujo mwanangu alikuwa nyuma ya jikoni anawasha jenereta. Watu arobaini walimwona. Lakini aliyekufa kapigwa kwa nguzo ya hema, na hema ni letu, na Mishra alitaka jina kabla ya jua kuzama. Katika chumba hicho hicho. Mimi nilikuwa nimesimama nje, namsikia analia, kama navyomsikia huyu. Nikanyamaza tena. Mimi, baba yake Pramod."

Alilia sasa, si kama asubuhi. Asubuhi alikuwa na sauti.

Mishra aliingia maelezo yakiwa yameshatiwa dole gumba. Aliyasoma amesimama.

"Sahu. Sahu. Huyu si baba wa yule wa arusini?"

"Ndiye, afande," Pathak alisema.

"Unaona sasa? Familia ya wauaji." Mishra alirudisha karatasi mezani, ameridhika. "Kazi nzuri."

Pathak alihisi mkono wake unataka kufanya kitu ambacho kingemfukuzisha kazi. Aliushika kwa ule mwingine.

"Ramfer," alisema. "Mfungulie Sukkhu. Mpeleke kwao kwa baiskeli yangu, hawezi kutembea."

*

Kura ilipigwa Alhamisi. Birika lilipata kura nyingi kuliko zote ambazo Jokhan aliwahi kupata akiwa hai; kwetu ukitaka kupendwa, kufa kwanza. Lakini aliyetuacha midomo wazi ni Shahi. Watu wa Kinu walikuwa wamejiamini mno, wakagombana wenyewe kwa wenyewe siku ya mwisho, na Jumapili waliposoma hesabu Shahi alikuwa ameshinda, tena kwa tofauti kubwa.

Pathak alikwenda kwake Jumatatu. Hakutumwa na mtu. Ila Bhagelu alikuwa amemshika kiwiko kupitia nondo za mahabusu, akamwambia, kamuulize faili limefika wapi. Ua lilijaa watu wanaolishana peremende. Shahi alikuwa na mashada ya maua mpaka masikioni.

"Bwana Pathak. Fungua kinywa." Alimtia peremende ya laddu mdomoni kabla hajasema neno.

Pathak alimeza. "Mheshimiwa, nimekuja kwa ajili ya faili la Pramod. La msamaha. Lile la Lucknow."

"Pramod?"

"Pramod Sahu. Mfungwa. Baba yake ni mtu wa mahema."

Shahi alimgeukia karani wake. Karani alitikisa kichwa.

"Pramod yupi huyo?" Shahi aliuliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kweli kusaidia. "Tunaahidi watu wengi, bwana Pathak. Mwambie aje mwenyewe."

Siku iliyofuata Bhagelu alihamishiwa gereza la wilaya, lilelile alimo mwanawe. Pathak alimsindikiza. Walifika mbele ya lango kubwa la chuma, pingu zikafunguliwa.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Kasemaje?"

Pathak alimtazama. Mtu huyu dakika chache zijazo atakutana na mwanawe, na atamwambia alichokifanya. Ukweli ulikuwa mdomoni, akashindwa kuutoa.

"Lipo," alisema. "Liko mezani. Linasubiri saini tu."

Alitegemea kuona nafuu kwenye uso ule. Bhagelu alisimama palepale, anahesabu kitu kichwani, taratibu, kama anavyohesabu viti.

"Shahi kashinda," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na faili lipo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ningekaa tu. Ningekunywa chai yangu na Jokhan nikarudi dukani, na Pramod angetoka vilevile."

Pathak alifungua mdomo. Alitaka kumwambia amemdanganya, kwamba faili halipo na halikuwahi kuwepo. Akatafuta ni lipi kati ya mawili, uongo au ukweli, lingekuwa jepesi kwa mzee kubeba, akakosa.

"Ningekaa tu," Bhagelu alirudia.

Askari wa gereza alifungua mlango mdogo uliomo ndani ya lango, akamwambia ainamishe kichwa asijigonge.